Sikio la msaidizi wa utafiti

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa shahada ya kwanza mwanzoni mwa muhula. Nimeiandika kwa ajili ya waliokosa nafasi ukumbini.)

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie nafasi za utafiti zilizopo kwenye maabara yetu ya saikolojia ya jamii. Nitazungumza Kiswahili. Najua mihadhara yetu ni ya Kiingereza, mitihani vilevile, na hata lile tangazo lililobandikwa mlangoni ni la Kiingereza. Lakini jambo ninalotaka kuwaeleza limo ndani ya Kiswahili chenyewe, na nikilisema kwa lugha nyingine litaniponyoka.

Kwanza niwatoe hofu wale ambao wakisikia maabara wanaona chupa, moto na makoti meupe. Yetu ni vyumba viwili. Kimoja kina meza zilizotenganishwa kwa mbao ili mtu asichungulie jibu la jirani yake. Kingine kina mkeka, viti vya plastiki na kinasa sauti. Kazi kubwa hufanyika nje ya vyumba hivyo: vibarazani, vijiweni, stendi, sokoni. Fani yetu inachunguza namna watu wengine wanavyobadili anachowaza mtu, anachohisi na anachotenda, na watu hao hutawakuta wamejipanga mlangoni kwetu wakisubiri kupimwa.

Nilipokuwa mwaka wa tatu nilipata nafasi kama hii mnayoitafuta leo. Fedha za mradi zilitoka nje ya nchi, msimamizi wetu alikuwa mtu mwema aliyebanwa na muda, nasi wasaidizi tulikuwa wanne. Ndani ya dodoso letu kulikuwa na kipimo cha kujithamini kilichotungwa na Mmarekani Morris Rosenberg mwaka 1965. Kina sentensi 10 tu. Unamsomea mtu sentensi, naye anakwambia anakubali kabisa, anakubali, anakataa au anakataa kabisa. Ni kati ya vipimo vilivyotumika zaidi duniani katika fani hii. Sentensi ya nane kwenye dodoso letu ilisomeka hivi: "Natamani ningejiheshimu zaidi."

Siku ya tatu nilikuwa Mbagala, Dar es Salaam, nimekaa kwenye kigoda pembeni ya mama mmoja muuza vitumbua. Wateja wa chai ya asubuhi walikuwa wanamalizikia. Mama alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja, huku ananijibu bila kuniangalia, na majibu yalikuwa yanakwenda vizuri. Nikasoma sentensi ya nane. Kijiti kikasimama. Akaniinulia macho, akasema, "Mwanangu, nani kakwambia mimi sijiheshimu?"

Nikajaribu kumweleza kwamba ni swali tu, kila mtu anaulizwa. Hakunijibu. Alivuta khanga yake, akajifunika mabega vizuri, akarudi kwenye vitumbua vyake. Sentensi mbili zilizobaki alizijibu kwa "ndiyo" kavu, nadhani hata hakuzisikiliza. Kwa ile ya nane nikaweka alama kwenye "anakataa kabisa", nikamshukuru, nikaondoka.

Kila mmoja wenu humu ndani ameshaelewa kilichotokea. Kwa Kiswahili chetu, mtu anayejiheshimu ni yule anayevaa akasitirika, asiyetoa matusi, anayejua kukaa na watu. "Jiheshimu!" ni karipio, hulisikii mpaka umekosa. Rosenberg alikuwa anauliza thamani ambayo mtu anajipa moyoni mwake, akiwa peke yake. Sisi tulikuwa tunamuuliza mama wa watu, mbele ya wateja wake, kama mwenendo wake una kasoro. Ile khanga aliyoivuta ndiyo ilikuwa jibu lake, na kwenye dodoso langu hapakuwa na mahali pa kuliandika.

Tafsiri ile, kumbukeni, ilikuwa imepita ukaguzi. Utaratibu wa kawaida, ambao Richard Brislin aliueleza mwaka 1970 na unafuatwa mpaka leo, ni kwamba mtu mmoja anatafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kisha mwingine ambaye hajayaona maandishi ya awali anairudisha kwenye Kiingereza, halafu matoleo mawili yanalinganishwa. Sasa "kujiheshimu" likirudishwa kwenye Kiingereza linarudi zima, halina hata mkwaruzo. Karatasi inalingana na karatasi. Kosa halionekani mpaka neno liingie sikioni mwa mtu aliyeinamia karai la vitumbua.

Jioni tulikutana kuhesabu madodoso. Msimamizi akauliza kama kuna aliyepata tatizo. Wa kwanza akasema hakuna, wa pili hakuna, wa tatu hakuna. Zamu yangu ilipofika nami nikasema hakuna.

Wiki kadhaa baadaye, kazi imeshakwisha, tukiwa kwenye foleni ya chakula, mwenzangu mmoja akanihadithia fundi cherehani wa Temeke aliyemwondoa kibarazani kwake kwa sababu ya sentensi hiyohiyo. Alikuwa ameyaona yaleyale, wiki ileile, na jioni akasema hakuna. Data zilipochambuliwa, sentensi ya nane ikaonekana haiendani na zile tisa. Ikaondolewa. Hakuna aliyerudi Mbagala kuuliza kwa nini, na aliyekuwa anajua sababu ni mimi.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, maana muhula uleule nilikuwa nimejibu vizuri swali la mtihani juu ya mwanasaikolojia Solomon Asch. Mnamfahamu. Mwaka 1951 alieleza majaribio ambayo mwanafunzi aliketishwa na wenzake kadhaa, wakaonyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kama jua la saa sita. Wale wenzake walikuwa wameandaliwa watoe jibu la uongo, wote kwa sauti moja, yeye akiwa miongoni mwa wa mwisho kujibu. Kwa wastani, karibu theluthi ya majibu katika raundi zenye uongo huo yaliwafuata wale waongo, na washiriki watatu kati ya wanne walikubaliana nao walau mara moja. Wengi huishia hapo wanapomsimulia Asch. Mimi nawaomba mkumbuke sehemu inayofuata: akipatikana mwenzake mmoja tu pale mezani anayesema ukweli, kuwafuata waongo hupungua sana. Mmoja tu. Ile jioni kwenye madodoso, mimi ningeweza kuwa huyo mmoja kwa yule mwenzangu wa Temeke.

Stanley Milgram, ambaye jina lake mnalijua kwa majaribio ya kupima mtu ataitii amri ya kumuumiza mwenzake mpaka wapi, aliyoyaanza Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1961, alipitia kwenye kazi ya usaidizi kama hii. Alikuwa msaidizi wa Asch. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mwalimu New York, aliwapa wanafunzi wake zoezi linaloonekana dogo: ingia kwenye treni ya chini ya ardhi, mwendee abiria aliyekaa, mwombe kiti chake. Usimpe sababu. Usiseme unaumwa wala umechoka. Hebu fikirini mnalifanya hilo kwenye daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni, mbele ya konda. Zaidi ya nusu ya walioombwa waliachia viti. Walipoombwa bila sababu yoyote, asilimia 68 walinyanyuka au walau walisogea. Ila kilichowashangaza hakikuwa abiria. Wanafunzi walirudi wakisema ilikuwa vigumu mno kulitamka lile ombi, na Milgram alipokwenda kujaribu mwenyewe, maneno yalimkwama kooni. Zoezi la darasani likaja kuwa makala ya kitaaluma mwaka 1978, na jina la mwanafunzi wake, John Sabini, likakaa pamoja na la mwalimu.

Ndiyo maana kwenye maabara yetu kuna daftari. Kila jioni ya kazi za nje, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, kila msaidizi anaandika peke yake: ni sentensi gani leo ilimfanya mtu anyamaze, acheke, akasirike, au ajibu haraka mno. Kisha tunasoma, na anayeanza kusoma ni mdogo kuliko wote. Mimi husoma wa mwisho. Hatukulianzisha daftari hilo kwa kuwa wasaidizi wetu ni waoga kuliko watu wengine. Tumelianzisha kwa kuwa tunayaamini yale tunayoyafundisha.

Sasa nieleze kwa nini nawahitaji ninyi hasa. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani akahesabu washiriki wametoka wapi. Asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, na Marekani peke yake asilimia 68. Katika jarida moja kubwa la saikolojia ya jamii, asilimia 67 ya sampuli za Marekani zilikuwa za wanafunzi watupu wa kozi za saikolojia. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan wakaonyesha kwamba watu hao, ukiwalinganisha na walimwengu wengine, mara nyingi ndio walio tofauti kuliko wote. Kwa hiyo unapofungua kitabu ukasoma "binadamu hufanya hivi", mara nyingi aliyefanya hivyo ni kijana wa miaka 19 aliyekuwa anatafuta alama za kozi yake.

Huku kwetu hatujakosa kufikiwa kabisa. Mwaka 1965 watu 1,500 wa makabila 30 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya zamani waliulizwa wanavyojiona wao na wanavyowaona majirani zao, katika mradi wa Donald Campbell na wenzake. Marilynn Brewer na Campbell wakachapisha kitabu cha matokeo mwaka 1976. Watu wa kila kabila walijiona bora kuliko wengine kwa uaminifu na tabia njema. Lakini kulipenda kabila lako hakukumaanisha kulichukia la jirani. Mambo hayo mawili yalikwenda kila moja kivyake. Brewer aliendelea kulifanyia kazi wazo hilo miongo kadhaa, na leo linafundishwa kila mahali penye somo la ubaguzi. Chanzo chake ni majibu ya babu na bibi zenu.

Na Rwanda, mwaka 2004 na 2005, Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya watu waliosikiliza mchezo wa redio wa upatanisho kwa mwaka mzima, huku vikundi vingine vikisikiliza mchezo wa redio unaohusu afya. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kanda za mchezo, kikaachiwa kiamue zitunzweje. Vikundi vya mchezo wa afya vilielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo, ambaye huko wanamwita nyumbakumi, neno letu lilelile tunalolijua tangu enzi za TANU. Vikundi vya mchezo wa upatanisho vilielekea zaidi kujadiliana na kuzitunza kwa pamoja. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana; kilichobadilika ni walivyoona kinachofaa kutendwa mbele ya wenzao. Yale mazungumzo ya dakika chache juu ya redio, nani kasema tumpe nani, yalisikilizwa na kuandikwa na wasaidizi waliokuwa wanaijua lugha. Asingekuwepo anayesikia, tungebaki na madodoso yanayosema hakuna jipya.

Kazi zenyewe nisiwapambie. Nyingi zinachosha. Saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa inaweza kukuchukua saa nne au zaidi kuiandika, na mtaani kuna jogoo, bodaboda na mtoto anayelia. Baada ya kuandika unakuja kupanga majibu kwenye mafungu, na hapo lazima wawe wasaidizi wawili, kila mmoja peke yake, kisha tunapima mmekubaliana kiasi gani kwa kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, ambacho hupunguza makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Mwaka jana wasaidizi wawili walivutana juu ya jibu la mvuvi mmoja aliyeulizwa kama maisha yake yatakuwa bora mwakani. Alijibu, "Mungu akijaalia." Mmoja aliliweka kwenye matumaini. Mwenzake akasema hapana, kwao mtu akijibu hivyo kwa sauti ya chini na kugeuka pembeni, amekataa kwa adabu. Walirudi kwenye kinasa sauti wakamsikiliza yule mzee mara nyingi. Mwisho wakakubaliana kwamba fungu la tatu linahitajika, nasi tukapanga upya majibu yote. Ilitugharimu wiki mbili. Sijawahi kujutia wiki hizo.

Kuna pia mambo ya vibali. Huingii mtaani na dodoso kwa sababu una kitambulisho cha chuo. Pendekezo linapita kamati ya maadili, barua ya utambulisho inakwenda wilayani, inashuka kwa mtendaji wa kata, inafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Na mwenyekiti akishakupokea vizuri, mara nyingi atataka kukusindikiza na kukaa hapohapo wakati unauliza. Kwake huo ni ukarimu. Lakini muulize mwananchi kama anawaamini viongozi wake huku mwenyekiti amekaa naye benchi moja, uone utakachoandika. Mtajifunza kumwambia, "Mzee wangu, shikamoo, tunakushukuru sana, tunaomba ruhusa yako tukae naye peke yetu kidogo, ndivyo tulivyoelekezwa chuoni." Mtalisema kwa heshima, na mtalisema kila mara.

Fomu ya ridhaa isomwe taratibu, na mtu akisema hataki, mnaaga. Hatumbembelezi. Sauti na majina ya watu hayakai kwenye simu zenu, na picha ya mshiriki haiendi kwenye status ya mtu yeyote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, mtu aliyekufungulia mlango wake hukuruhusiwa kumtembeza mjini.

Niseme na jambo ambalo fani yetu haipendi kulisema mbele ya wageni. Mwaka 2011, Tilburg nchini Uholanzi, iligundulika kwamba Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii aliyekuwa na jina kubwa, alikuwa anatunga data zake mwenyewe. Zaidi ya makala 50 ziliondolewa majaridani. Waliomgundua ni watafiti vijana watatu wa hukohuko idarani, waliotazama namba, wakaona haziwezekani, wakaenda kusema. Kisha mwaka 2015 watafiti wengi waliojiunga pamoja walirudia tafiti 100 za saikolojia, na ni asilimia 36 tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kutokea kwa bahati tu. Wengi wa watafiti ambao matokeo yao hayakurudi hawakuwa wezi. Sampuli zilikuwa ndogo, uchambuzi ulirekebishwa katikati ya safari, na majarida yalipenda habari za kushangaza. Tangu hapo tunasajili mpango wa uchambuzi kabla ya kukusanya data, na kazi mojawapo mtakayopewa ni kurudia utafiti wa wengine hatua kwa hatua. Wanafunzi hudhani hiyo ni kazi ya daraja la chini. Mimi naiona ndiyo shule nzuri kuliko zote, maana ndipo unapogundua ni mambo mangapi mwandishi hakuyaandika.

Juu ya malipo nitasema wazi. Yapo maabara mengi duniani ambayo mwanafunzi hufanya kazi bure na kuambiwa anapata uzoefu. Siafiki. Mwanafunzi anayesubiri bumu hawezi kujilipia nauli ya kwenda Chanika kukusanya data za mtu mwingine. Kwetu nauli na chakula cha siku ya kazi za nje hulipwa kabla hamjaondoka, na mradi wenye fedha hulipa posho. Tusipokuwa na fedha hatutumi watu nje. Na aliyechangia wazo, tafsiri au uchambuzi kwa kiasi cha kutosha, jina lake linaingia kwenye makala. Mnalijadili nami mwanzoni na tunaliandika.

Nafasi za muhula huu ni sita. Siangalii wastani wa alama zako kwanza. Nataka uje na karatasi moja. Chukua zile sentensi 10 za Rosenberg, zitafsiri kwa lugha ya nyumbani kwenu, iwe Kisukuma, Kihaya, Kimakonde, Kimasai, au Kiswahili cha Tanga kama ndicho ulichonyonya. Kisha msomee mtu mzima mmoja unayemheshimu, umwombe akueleze kwa maneno yake kila sentensi ameielewaje. Usimsahihishe. Andika alichosema, na andika pia alipokunja uso.

Njoo nayo Jumatano, saa nane mchana, chumba chenye mkeka. Tutaanza na sentensi ya nane.